Baba amekufa bila kuokoka, yuko wapi? Jibu kwa dada aliyefiwa

Dada, pole sana na msiba. Umesema mzee wako alikuwa hakanyagi kanisani miaka mingi, na siku ya mazishi mhubiri akasimama mbele ya jeneza akatangaza kwamba saa hii anaungua na ataungua milele. Mama hali chakula vizuri tangu siku hiyo. Ukauliza kama ni kweli kuna Wakristo wanaoamini kwamba mwishowe wote wataokolewa, au huo ni uzushi wa siku hizi. Mimi si mchungaji. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, dereva wa malori, na swali lako nimeishi nalo tangu nikiwa darasa la sita.

Babu mzaa mama, kwetu Machame, hakuwahi kubatizwa. Kila Jumapili alimsindikiza bibi hadi kanisani, yeye akabaki nje chini ya mti, mwavuli wa bibi mkononi, hadi ibada iishe. Siku moja nilimuuliza mbona haingii. Akasema, "Bibi yako ananisemea." Alipofariki, bibi aliomba aje mtu wa kanisa asome hata zaburi moja pale migombani. Akaja mwinjilisti, akasoma habari za tajiri na Lazaro, akanyoosha kidole kaburini: "Huyu sasa hivi anaomba tone la maji." Mvua ilikuwa imenyesha, udongo wa kihamba umegandia viatu vya kila mtu, na hakuna aliyesogea. Bibi hakulia. Jioni, akina mama wakiosha masufuria, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mimi nikifika huko mbinguni nitaimbaje, na mwenzangu anaungua?"

Swali hilo sijapata kusikia mahubiri yaliyolijibu. Tertuliano wa Kartago, mwandishi Mkristo wa zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, aliandika kwamba atafurahi kuona wakubwa wa dunia wakiteketea siku ya hukumu. Ili bibi yangu afurahie kitu kama hicho, ingebidi kwanza anyang'anywe upendo, na upendo huo alifundishwa kanisani.

Basi nikaanza kusoma, na naendelea hadi leo, mara nyingi nikiwa kwenye foleni ya mpakani. Si uzushi wa juzi, dada. Origene wa Aleksandria, mwalimu wa Kikristo wa karne ya 3, alitumaini kwamba vitu vyote vitarejezwa kwa Mungu, akishikilia maneno kama yale ya Matendo 3:21, "kufanywa upya vitu vyote". Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Konstantinopoli wa mwaka 553 ulimtaja kati ya wazushi, yeye akiwa marehemu wa miaka 300 hivi. Lakini Gregori, askofu wa Nisa katika karne ya 4, alifundisha jambo linalokaribiana sana na hilo, na hadi leo ni mtakatifu kwa Waorthodoksi na Wakatoliki.

Huyu Gregori nakuomba tukae naye kidogo, maana alikuwa mfiwa kama wewe. Kaka yake Basili alikuwa amefariki. Akaenda kwa dada yake Makrina ili walie pamoja, akamkuta naye yuko kitandani anakufa. Akaandika mazungumzo yao, na mafundisho karibu yote ameyaweka kinywani mwa dada yule. Makrina anasema mtu ni kama kamba iliyogandiwa na tope, inayovutwa kupita kwenye tundu jembamba. Kamba inapita, tope linakwanguliwa, na kukwanguliwa huko kunauma. Mungu anavuta kilicho chake, wala hakusudii kuumiza. Kwa maneno mengine, moto upo, hukumu ipo, na mwenye tope jingi ataumia sana.

Hapo ndipo wengi wanapowaelewa vibaya wenye tumaini hili, wakidhani wanasema dhambi si kitu. Mwaka fulani nikiwa na mzigo wa Kigali, rafiki yangu alinipeleka kanisa la Nyamata, kama kilomita 30 kusini mwa jiji. Mabenchi ya kanisa lile yamejaa nguo za watu waliouawa humo ndani Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Zimelundikwa, na rangi zake zote zimegeuka kuwa moja, ya udongo. Niliona kisweta cha mtoto, mkono mmoja umening'inia nje ya benchi. Waliouawa walikuwa Wakristo, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Nikajua siwezi kuimba "wote wataokolewa" kwa namna ya kuwaruka hawa. Kama muuaji ataingia, lazima apite kwanza kwa mwenye kisweta kile.

Rwanda hiyohiyo ndiyo iliyombadilisha Carlton Pearson, mhubiri maarufu wa Kipentekoste wa Tulsa, Marekani. Miaka ya 1990 alikuwa akiwatazama wakimbizi wa Rwanda kwenye televisheni, amempakata binti yake mchanga, akajikuta anamlalamikia Mungu: watu hawa wateseke hivi, halafu uwatupe motoni? Akaanza kuhubiri kwamba wote wameshaokolewa, ila hawajajua tu. Mwaka 2004 baraza la maaskofu Wapentekoste weusi wenzake likamtangaza mzushi, na kanisa lake la maelfu likapukutika. Alifariki Novemba 2023. Moyo wake nauheshimu, ila naona aliruka hatua. Nyamata hainiruhusu kusema "wameshaokolewa" kirahisi hivyo.

Upande wa pili nao una hoja nzito, nisikufiche. Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, alisema: katika Mathayo 25:46 adhabu ni ya milele na uzima ni wa milele, neno ni lilelile. Ukilifupisha kwa adhabu, umelifupisha na kwa uzima. Wapo wanaojibu kwamba neno lile la Kigiriki lina maana ya zama zijazo, lakini jibu hilo halijanitosha. Kinachonisaidia ni kuichukua kanuni yake Augustino na kwenda nayo 1 Wakorintho 15:22: "kama katika Adamu wote wanakufa, kadhalika na katika Kristo wote watahuishwa." "Wote" nalo ni neno moja, limetajwa mara mbili. Nani amelifupisha hilo la pili? Wakatoliki wana toharani, yaani kutakaswa baada ya kufa, lakini jehanamu kwao ni ya milele. Wasabato wanasema waovu watateketea waishe kabisa. Sisi Walutheri, tamko letu la imani, Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 17, linawakataa wazi wanaofundisha kwamba adhabu itakuwa na mwisho. Nilipata kipaimara chini ya ungamo hilo, kwa hiyo sikufundishi kwamba najua wote wataokolewa. Natumaini, na ninaomba iwe hivyo, kwa sababu 1 Timotheo 2:4 inasema Mungu "hutaka watu wote waokolewe". Lakini mtu aliyekuambia kwa uhakika kwamba baba yako yuko motoni amekalia kiti kisicho chake.

Na ile Luka 16, ya tajiri na Lazaro, nimeirudia mara nyingi. Shimo kubwa lipo, limeandikwa. Lakini tazama Ibrahimu anavyomwita yule tajiri akiwa kulekule katika mateso: "Mwanangu." Mwinjilisti yule alilipita neno hilo haraka.

Bibi alipanda mmea wa isale kichwani pa kaburi la babu. Kwetu Uchagani, aliyekukosea akikuletea jani la isale huna ruhusa ya kukataa kumsamehe. Kila Jumapili kabla ya ibada alipita pale, akamtaja babu kwa jina mbele za Mungu, kisha akaenda kanisani na mwavuli wake mwenyewe. Mzee mmoja wa kanisa alimkanya kwamba sisi hatuombei wafu. Bibi akamjibu, "Siombei wafu. Namkumbusha Mungu mtu wake."

Mwambie mama ale, dada. Na jioni mkikaa kusali, mtajeni mzee kwa jina lake.