Re: OCS amekataa barua yetu ya maandamano

Salamu mkuu. Kwa hivyo barua mlipeleka, OCS (mkuu wa kituo cha polisi) akadai hamna kibali.

Angalia tarehe kwanza. Sheria ya Kenya inataka taarifa ifike kituoni kati ya siku 3 na 14 kabla. Sisi tuliwahi kupeleka zikiwa zimebaki 2, tukarudishwa mbio. Saa pia: maandamano mwisho ni kumi na mbili jioni.

Kama hapo mko sawa, mkumbushe kwa upole kwamba mnaarifu, hamuombi (Katiba, Kifungu cha 37). Akisema kuna wengine waliowatangulia mahali na saa hiyohiyo, awape kwa maandishi.

Na nakala yenu igongwe muhuri! Bila muhuri watawakana mchana peupe. Yalitukuta.