Kompyuta mpakato ya chuo: mpya ya bei ya chini au iliyotumika?
Ndugu, umeuliza kama kwa bajeti yako ndogo ununue mpya au iliyotumika. Mimi ningechukua iliyotumika iliyotengenezwa kwa kazi za ofisi, kwa kuwa mpya za bei ya chini mara nyingi huja na RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi) ya GB 4, ambayo hulemewa ukifungua kurasa kadhaa za intaneti pamoja na andiko lako. Tafuta RAM ya GB 8 na diski ya SSD, yaani hifadhi ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel isiwe chini ya kizazi cha 8, la sivyo mfumo wa Windows 11 hautaikubali rasmi. Kabla ya kulipa, ichomoe kwenye umeme, uitumie nusu saa ukitazama asilimia ya betri inavyoshuka, kisha ubonyeze kila herufi ya kibodi, hata zile usizozitumia.