Usiseme ni uzee tu

Mama alitaka kuinuka kitini. Akakandamiza viganja kwenye mikono ya kiti, akajisukuma, akarudi chini. Mara ya pili ndipo akasimama. "Ni uzee tu, mwanangu," akaniambia, nami nikaridhika na jibu hilo mwaka mzima. Mwaka ule unaniuma mpaka leo.

Misuli kupungua uzeeni kuna jina lake, sarkopenia. Hakuna anayeukwepa upungufu huo, ila kasi yake hutofautiana. Watafiti wa nchi mbalimbali wamekuta kwamba walioishi miaka mingi kwenye hewa chafu mara nyingi wana misuli haba au mshiko dhaifu kuliko wenzao wa rika lao. Huo ni uhusiano. Hauthibitishi kwamba moshi ndio uliomdhoofisha mzazi wako. Kwangu ulitosha kunishtua, maana dirisha la mama lilitazama barabara kuu na lilikaa wazi kutwa. Ukipitisha kidole kwenye kizingiti chake, kinarudi cheusi.

Na masizi yale yanayoonekana si ndiyo ya kuogopwa zaidi. Kuna chembe ziitwazo PM2.5, ndogo mno hata unywele mmoja huzishinda unene karibu mara 30. Hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu. Mwili hupambana nazo bila kupumzika, na inaaminika kuwa pambano hilo la muda mrefu huchochea kuvunjwa kwa protini za misuli na kuharibu mitokondria, zinazozalisha nishati ndani ya seli. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha chembe hizo kisichofaa kuzidishwa, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo wa hewa. Karibu watu wote duniani wanavuta hewa iliyozidi hapo, kwa hiyo sitakuambia uhame.

Nilipoyajua haya nilifanya kosa jingine, baya kuliko la kwanza: nilimkataza mama kutoka nje. Wiki chache za kukaa zikamlegeza miguu kabisa. Tafadhali usifanye hivyo. Misuli isiyotumika huyeyuka haraka, hewa iwe safi au chafu.

Sasa dirisha tunalifunga magari yanapofurika na kulifungua barabara ikitulia. Matembezi yake ni asubuhi, kwenye vichochoro vya ndani. Moshi wa jikoni na wa sigara hauingii tena alipo. Kila mlo una protini. Juu ya yote, mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki na ya kujiweka sawa asiyumbe siku tatu, kama Shirika hilo linavyoshauri kwa wenye miaka 65 na zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amwone daktari kwanza.

Mpime mzazi wako leo, wewe ukiwa karibu asianguke: akae, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara 5. Ikizidi sekunde 15, wataalamu huhesabu hiyo kuwa dalili ya misuli dhaifu. Mama alianza na 24. Juzi, baada ya miezi minane, alipata 16, akaniambia nisiiweke saa mezani, anarudia.