Jibu: Kwa nini Mamata Banerjee alishindwa Nandigram

Ndugu, umeuliza imekuwaje Mamata Banerjee, aliyekuwa waziri kiongozi wa jimbo la Bengali Magharibi nchini India, akose kiti cha Nandigram mwaka 2021, ilhali chama chake cha Trinamool kilinyakua zaidi ya viti 200 katika bunge la jimbo hilo. Chanzo ni tarehe 14 Machi 2007, polisi walipowafyatulia risasi wanavijiji waliokataa ardhi yao itwaliwe kwa ajili ya viwanda vya kemikali, wakafa watu wasiopungua 14; kiti hicho, kilichokuwa cha Wakomunisti, kikaenda Trinamool katika uchaguzi mdogo wa 2009. Suvendu Adhikari, aliyejijengea jina katika harakati hizo, alikitwaa kwa tiketi ya Trinamool mwaka 2016 kwa tofauti ya kura zaidi ya 80,000, akahamia BJP, chama pinzani cha Waziri Mkuu Narendra Modi, Desemba 2020, kisha akamshinda Mamata kwa kura 1,956 tu. Kwa maoni yangu, wengi walimfuata mtu kuliko chama.