Prosesa imegoma kukaa, niikandamize?

SWALI: Shikamoo fundi. Nilimaliza form six mwaka jana, nikawa namsaidia mjomba dukani hapa Mwanza, nimedunduliza mpaka pamefika pazuri, nataka kuunga kompyuta yangu ya kwanza ya gemu, nicheze GTA V na gemu za mpira kwenye skrini ya 1080p tu. Prosesa nimechukua kwa mshikaji, i5-12400F, haina boksi wala feni. Mazabodi nimeagiza Kariakoo, B450, ilikuwa bei chee. Kesi nimepewa ya Dell OptiPlex 9020 na pawasaplai yake humo ndani. Jana nimeweka prosesa haikai, mshikaji anasema niikandamize kidogo itaingia. Halafu kuna jamaa ananiuzia stiki moja ya RAM, DDR5 ya GB 16, niichukue? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na nakuomba sana usiikandamize, iweke pembeni kwanza. Hiyo prosesa ni ya Intel na hiyo mazabodi ni ya AMD, hata ukae nazo mwaka mzima hazitaoana. Igeuze uiangalie chini: ya kwako ni tambarare, ina vidoti tu, maana pini zake 1,700 zinakaa kwenye mazabodi, ndo maana soketi yake inaitwa LGA1700. B450 ni ya soketi ya AM4, yenyewe ina vitundu, na pini 1,331 zinakuwa chini ya prosesa. Ukikandamiza utaharibu kitu bila faida yoyote.

Sasa kipi kibaki? Mimi ningebaki na prosesa, hiyo 12400F ni nzuri sana kwa unachotaka, ina core 6 (ni kama vichwa sita vinavyofanya kazi pamoja), gemu ulizotaja inazimudu vizuri tu. Rudisha B450 kama muuzaji anakubali, kama hakubali iuze, AM4 bado inatafutwa na watu wengi. Chukua mazabodi ya H610, B660 au B760, na hapo kuwa makini na namba maana B660 ni ya Intel halafu B650 ni ya AMD, tarakimu moja tu imebadilika, na kwa simu mtu wa duka anaweza kusikia vingine kabisa, kwa hiyo mtumie kwa meseji na umwambie akupigie picha ya boksi kabla hujatuma hela.

Ile DDR5 usiichukue kabla hujajua mazabodi gani unapata. Hizi mazabodi za LGA1700 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, sio zote mbili kwenye slot moja, na ule mkato wa chini kwenye stiki uko sehemu tofauti kabisa, haiingii. Ningekuwa mimi ningetafuta mazabodi ya DDR4 na stiki mbili za GB 8 badala ya moja ya 16, zikifanya kazi pamoja prosesa inavuta data kwa njia mbili na kwenye gemu utaiona tofauti. Mazabodi ikiwa na slot 4, anza na ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Feni ya prosesa nunua iliyoandikwa LGA1700, usichukue feni ya Intel za zamani maana matundu ya kuifungia kwenye mazabodi yamesogea, zile zilikuwa milimita 75 hii ni 78.

Na hiyo F mwishoni mwa jina ina maana yake, prosesa haina grafiki ndani. Bila kadi ya grafiki skrini itakuwa nyeusi tu, na ukichomeka HDMI kwenye mazabodi napo nyeusi, wengi wanakimbia dukani wakisema mazabodi imekufa na wala haijafa, HDMI inachomekwa kwenye kadi. Kadi ningekushauri RX 6600, ina GB 8, inakula wati 132 na inataka plagi moja ya pini 8.

Hapo ndo tunafika kwenye hiyo Dell, na hapa nakuongelesha kama kaka yako kabisa. Pawasaplai yake haizidi wati 290, plagi yake ya mazabodi ina pini 8 wakati mazabodi za kawaida zinataka 24, na ya kadi haina. Prosesa yako ikikolea inafika wati 117, jumlisha 132 za kadi, bado feni, diski na vingine. Na kesi yenyewe hata waya za kitufe cha kuwashia ni za Dell wenyewe. Mpe mtu mwingine aitumie kwa kazi za ofisi. Kompyuta yangu ya kwanza nilibana hela kwenye pawasaplai, nikachukua isiyo na jina, ikaungua jioni moja umeme uliporudi na ikaondoka na mazabodi, niliumia sana. Tafuta ya wati 550 ya kampuni inayojulikana, na usiridhike na alama ya 80 Plus peke yake, ile inapima umeme unavyopotea, haisemi italinda vifaa vyako. Kama hela haitoshi punguza kwenye kadi, au subiri mwezi mmoja, ila hapo usipunguze.

Kesi yoyote ya ATX, yaani ya saizi ya kawaida, itabeba mazabodi ya micro-ATX, ambayo ni ndogo kidogo, wewe pima tu urefu wa kadi.

SWALI: Fundi, nimechomeka SSD ya M.2 imekaa vizuri kabisa ila kompyuta haiioni. Mbovu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Inawezekana nzima tu dada. M.2 ni umbo tu la diski, ndani yake kuna za SATA na za NVMe, njia mbili tofauti za kupitisha data. Kama ya kwako ina mikato miwili kwenye meno, mara nyingi ni SATA, na slot nyingi za siku hizi zinasoma NVMe peke yake. Angalia kitabu cha mazabodi sehemu ya M.2, kama kuna slot ya pili inayokubali SATA hamishia hapo.