Kiti cha enzi na sahani za marehemu bibi

Dada yangu, kuhusu thamani ya kiti cha enzi (kile kiti cha fahari cha mbao cha Waswahili) na sahani ulizorithi kwa bibi hapa Lamu, nakusihi usisugue chochote kwanza, kwa maana rangi ya ukongwe ikishatoka hairudi. Sahani zigeuze usome chapa: yenye jina la nchi ilikotengenezwa kwa kawaida ni ya baada ya 1891, Marekani ilipoanza kuidai alama hiyo kwenye bidhaa ziingiazo. Kitini, kagua kwa kioo cha kukuzia vile vipande vyeupe vya njumu, yaani urembo uliopachikwa kwenye mbao. Mfupa huwa na vitundu vidogo vyeusi, ilhali pembe ya ndovu huonyesha mistari inayopishana, na kwa sheria ya Kenya ya 2013 ni kosa hata kuimiliki bila kibali. Kabla ya dalali yeyote, waone wataalamu wa Makumbusho ya Lamu.