Mama Anakwenda Ulaya: Je, Bima ya Matibabu ya Safari Inafaa Kisheria?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Sisi ni watu wa Tanga. Dada yetu anayeishi Ujerumani na mumewe amejifungua mtoto wake wa kwanza, naye anaomba mama aende kukaa naye miezi miwili. Mama ana miaka 68 na ana shinikizo la damu, na mimi ndiye nitakayemsindikiza. Ubalozi unataka cheti cha bima ya matibabu ya safari. Ndugu mmoja tunayesali naye ametwambia kwamba bima ni haramu kwa kila hali, na kwamba anayeikata hana tawakkul, yaani hamtegemei Allah. Wakala anayetushughulikia viza naye amesema atatutengenezea cheti kwa bei ndogo, ambacho hakina bima yoyote nyuma yake, ili tusiingie katika haramu. Tufanye nini?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Ndugu yangu, maswali ya bima huletwa kwangu mara kwa mara, na mengi huyajibu kwa maneno machache. Hili lako limenihuzunisha kwa sababu ya sehemu yake ya mwisho, kwamba amepatikana mtu wa kumpendekezea Muislamu hati ya kughushi kwa hoja ya kumlinda na haramu.

Hukumu yenyewe ni hii: kateni bima nyote wawili. Anzeni kwa kutafuta ya takaful, yaani ile ambayo wanachama huchangia mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana, na ambayo kwa majirani zetu wa Kenya ina kampuni tangu mwaka 2011. Mkikosa ya takaful inayokubaliwa na ubalozi, chukueni ya kawaida kwa kiwango kile kile kinachotakiwa, wala hamna dhambi inshallah. Mama akiugua huko atibiwe kwa bima hiyo bila ya wasiwasi.

Sirefushi juu ya asili ya bima ya kibiashara. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1985 lilipitisha kwamba mkataba wake una gharari kubwa, yaani kutojulikana nani atapata nini, inayouharibu, na likaelekeza watu kwenye bima ya ushirikiano, yaani ya namna ya takaful. Nami naifuata kauli hiyo, ingawa Sheikh Mustafa al-Zarqa, ambaye hakuwa mtu mdogo katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya dini, aliihalalisha. Lakini kauli ile haimhusu mtu ambaye hakuitafuta bima, bali amewekewa kama sharti la kuingia katika nchi, na akiwa hana njia nyingine ya kuunga udugu na binti yake aliye kitandani na mtoto mchanga. Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inamtaka mwombaji wa viza ya muda mfupi awe na bima isiyopungua euro 30,000, inayofanya kazi katika nchi zote za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kwa muda wote wa ukaaji, na inayobeba matibabu ya dharura, kulazwa hospitali, kurudishwa nyumbani kwa sababu za maradhi, na mauti. Haja ya namna hii wanazuoni wameiweka mahali pa dharura, ambayo huruhusu kilichokatazwa. Hata Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni kutoka nje ya nchi hutakiwa kulipia bima ya dola 44 kabla ya kuingia, na sisi hatuoni kwamba tumewadhulumu wageni wetu.

Sasa nimrudie huyo ndugu anayesema kwamba bima inaondoa tawakkul. Nampenda kwa ajili ya Allah, lakini maneno yake ni ya hatari kuliko anavyodhani. Sahaba Ibn Abbas amesimulia, katika riwaya aliyoipokea Bukhari, kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu huku wakisema, “Sisi ni wenye kumtegemea Allah,” na wakifika Makka huwaombaomba watu, ndipo ikateremka aya ya Suratul Baqara: “Na chukueni masurufu, na hakika masurufu bora ni uchamungu.” Wale hawakukaripiwa kwa kumtegemea Mola wao. Walikaripiwa kwa sababu mzigo waliokataa kuubeba wenyewe waliwatwisha wengine na kuuita ibada. Tena nadhani ndugu huyo, kama amewahi kwenda Umra katika miaka hii, amekwenda na bima, kwa kuwa viza ya Umra ya Saudia huja na bima ya matibabu ndani ya ada yake. Je, alipotufu Al-Kaaba hakuwa na tawakkul?

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa, baada ya sala ya Isha, karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ankara ya hospitali ya ng'ambo. Mzee wetu mmoja, fundi cherehani, alikwenda kumtembelea mwanawe katika nchi isiyodai bima, akateleza bafuni na kuvunjika nyonga. Nilivua kofia yangu ikapita safu kwa safu, zikaingia sarafu za mia tano na noti za elfu, na bibi mmoja aliyekuwa upande wa wanawake akamtuma mjukuu wake aniletee pete yake ya fedha ikiwa imefungwa kwenye ncha ya leso. Tulipohesabu, hazikutosha hata siku mbili za kitanda. Waliokuwa wakisema msikitini mwetu kwamba bima ni kukosa imani walichangia kama wengine, Allah awalipe, lakini sijawasikia wakieleza kwa nini pete ya bibi yule ilikuwa halali kutozwa kwa mtindo huo, ilhali mchango wa mapema ndani ya mfuko wa pamoja uwe na shaka. Mtume (s.a.w.) aliwasifu Al-Ash'ariyyun, watu wa kabila moja la Yemen, kwamba chakula kinapowapungukia hukusanya walicho nacho katika nguo moja kisha hugawana sawa, akasema, “Wao ni katika mimi, nami ni katika wao.” Huo ndio msingi wa takaful.

Ama huyo wakala, mwacheni. Viza ni amani mnayopewa na wenye nchi kwa masharti mliyoyakubali, na mwanazuoni Ibn Qudama katika kitabu chake Al-Mughni ameeleza kwamba Muislamu aliyeingia kwa amani hata katika nchi ya maadui wa vitani hawezi kuwafanyia hiana, sembuse nchi ambayo dada yenu anaishi na kula riziki yake. “Mwenye kutughushi si katika sisi” ni hadithi isiyo na khilafu, yaani wanazuoni hawatofautiani juu yake, ilhali bima ina khilafu. Basi vipi mtu akimbie yenye khilafu aingie isiyo na khilafu? Na mama akianguka huko, cheti kile kitageuka karatasi tupu mbele ya karani wa hospitali, na deni litamwangukia mwanamke aliyetoka kujifungua.

Nawaomba mengine pia. Katika fomu ya bima elezeni shinikizo la damu la mama kama lilivyo, kwa sababu kulificha ni udanganyifu ndani ya mkataba, na kampuni ikiligundua inaweza kukataa kulipa. Bima nyingi za safari hazibebi maradhi ya zamani isipokuwa kwa dharura, kwa hiyo ulizeni hilo kabla ya kulipa na mpate jibu kwa maandishi. Dawa zake za miezi miwili zibebwe katika mkoba wa mkononi, zikiwa ndani ya paketi zake pamoja na barua ya daktari. Nambari ya simu ya dharura ya bima muwe nayo wewe na shemeji yako.

Tena, kabla ya safari, kaa na mama kwa upole umuulize angependa azikwe wapi mauti yakimkuta ugenini, na mwandike wasia wake. Huenda ukaona ni jambo zito kulitamka kwa mzazi, lakini wazee wetu aghalabu hulijibu kwa wepesi kuliko sisi tunaouliza. Mfikishieni dada yenu salamu zangu, na Allah amkuze mtoto katika utiifu. Wallahu a'lam.